Kandili Mchana Ufukweni Dunga

Sisi watu wa pwani twajidai kulijua jua. Basi, ndugu msomaji, nilipofika Dunga, ufuko ulio kando ya mji wa Kisumu, sikutazamia jipya. Lakini ulikuwa mwezi wa Machi, na Kisumu i karibu mno na mstari wa ikweta. Ikikaribia saa saba mchana jua hukaa utosini, kivuli chako ukakikanyaga.

Kilichonipeleka ni fundi wa vyombo, mzee wa Kijaluo ambaye mashua alizounda hazijui idadi yake, wala hana picha ya hata moja. Hii ya sasa, yenye omo iliyochongoka na rangi za kupendeza, ilikuwa ichukuliwe na mwenyewe kesho yake adhuhuri kwenda Mfangano.

"Nipige nayo, ndugu yangu," akaniambia, "wajukuu wasije wakadhani napiga domo."

Nikatoa kijikamera alichoninunulia mwanangu. Hakina kile kidirisha cha kuchungulia cha kamera za zamani. Chote ni kioo mgongoni. Nikakitazama kioo, nikaona ndevu zangu. Mzee simwoni, mashua siioni. Nikabofya kwa kukisia mara saba.

Usiku, nyumba ya wageni, nikaona aibu yangu. Picha tatu zimemkata kichwa. Nne zilizobaki, mwanzo nilizifurahia, kwani kioo nilikuwa nimekiongezea mwangaza hadi mwisho. Nilipokipunguza, uso wa mzee ukawa mweusi kama kitako cha chungu. Kuongeza mwangaza wa kioo hakuongezi chochote katika picha. Hula betri na kudanganya macho gizani. Lililomtia mzee giza ni omena zilizoanikwa nyuma yake, zinang'aa kama fedha. Kamera iliuona mng'ao ule, ikapunguza mwanga wa picha nzima.

Nikataka kuwatungia waundaji wa kamera shairi la lawama. Vina vikanikataa.

Asubuhi nikamkimbilia kijana mmoja anayewapiga picha wageni pale ufukweni. Akacheka kwa adabu. "Mzee, kwanza vua miwani." Kumbe ipo miwani ya jua ambayo ukikigeuza kioo upande, kinazimika chote. Kisha akaazima leso kwa mama muuza samaki, akanifunika kichwa pamoja na kamera. Nikawakumbuka wapiga picha wa utotoni mwangu, na kitambaa chao cheusi. Kioo kina taa yake kwa nyuma, lakini mbele ya jua taa hiyo ni kandili mchana. Dawa ni kuitafutia usiku wake.

Akanionyesha pia mchoro mdogo kama kilima, unaojitokeza pembeni mwa picha. Kilima kikilalia kushoto, picha ina giza. Kikibanana kulia, imeungua. Hesabu hiyo hutoka katika picha yenyewe, jua haliwezi kuipotosha. Tukamgeuza mzee, omena zisiwe nyuma yake, na kijana akawasha taa ya kamera mchana kweupe ili kukifuta kivuli cha kofia usoni.

Mzee akaingiza kichwa chini ya leso, tukabanana. Uso wake hakuutazama. Aliweka kidole kwenye ubao wa tatu kutoka juu.

"Huu," akasema, "ulinishinda siku mbili."

Nje, vijana walikwisha anza kuisukuma mashua majini.