Mgeni Katika Nchi Yake: Funzo la Olenguruone Kuhusu Kuzoea Maisha ya Ugenini

Utangulizi

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza inamtukuza mgeni. Ya pili inampa sharti. Hata hivyo, hakuna kati yake inayoeleza mgeni huacha kuwa mgeni lini, wala ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba sasa ameacha. Suala la kuzoea maisha ya ugenini limefumbatwa katika maswali hayo mawili.

Kwa kawaida suala hili hujadiliwa kwa kumfuata mtu aliyevuka mpaka wa taifa. Katika riwaya ya Siku Njema (1996), kwa mfano, Ken Walibora anamtoa Kongowea Tanga na kumleta Kenya kumtafuta baba yake. Mpaka upo, lakini lugha anayokuja nayo inaeleweka pande zote mbili. Makala haya yanachunguza hali iliyo kinyume cha hiyo: watu ambao hawakuvuka mpaka wowote wa taifa lakini wakafanywa wageni. Watu hao ni wahamiaji wa Olenguruone, mahali palipo kwenye nyanda za juu za Mau, katika eneo ambalo leo ni la Kaunti ya Nakuru.

Njia iliyowafikisha Olenguruone

Mwanzoni mwa karne ya 20, familia nyingi za Wakikuyu zilipokonywa ardhi, hasa Kiambu, ili kuwapa nafasi walowezi wa Kizungu. Baadhi zikawa maskwota katika mashamba ya Bonde la Ufa. Nyingine ziliingia nchi ya Wamaasai na kukaa Melili, katika Narok. Huko zililima, zikafuga, zikaoana na wenyeji wao, na baadhi ya watoto wakakua wakizungumza Kimaasai na Kikuyu. Kwa kipimo cha methali, wageni hawa walikuwa wamepewa jembe na wakalishika.

Mnamo 1934 Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter, ilitoa ripoti yake. Msimamo wa serikali ya kikoloni ukawa kwamba kila kabila liwe na hifadhi yake yenye mipaka. Chini ya utaratibu huo, Mkikuyu aliyekaa Melili hakuwa mkwe wala jirani tena; alikuwa mtu aliye mahali pasipo pake. Serikali ikaanzisha makazi ya Olenguruone mwaka 1941 ili kuwahamishia huko watu wa namna hiyo. Ikumbukwe basi kwamba waliofika Olenguruone walikuwa wamekwisha kuuzoea ugeni mara moja. Sasa walitakiwa kuanza upya.

Kuizoea ardhi

Hatua ya kwanza ya kuzoea ugenini ni ya mwili. Olenguruone ni mahali pa baridi, ukungu na mvua nyingi. Katika mwinuko wa namna hiyo mahindi huchelewa mno kukomaa, na jambo hili si la kilimo tu. Kwa Mkikuyu, mahindi na maharage ndiyo msingi wa githeri na irio, vyakula vya nyumbani na vya sherehe. Mahindi yanapochelewa, kalenda ya jiko nayo huvurugika. Ardhi ya Mau ilikubali zaidi viazi, mboga na pareto, na mkulima alilazimika kujifunza majira mapya ya kupanda na kuvuna.

Hatua ya pili ni ya ulimi. Majirani wa Olenguruone walikuwa Wakipsigis, Wamaasai na Waogiek wa msitu wa Mau, na lugha zao tatu hazina udugu wa karibu na Kikuyu, ambacho ni lugha ya Kibantu. Katika mazingira kama haya Kiswahili kina kazi ambayo vitabu vya isimujamii huiita ya lugha ya mawasiliano mapana: ndicho kinachotumika pale ambapo muuzaji na mnunuzi hawana lugha nyingine ya pamoja. Hata hivyo, lugha hiyo peke yake haitoshi. Mgeni anayeamkia kwa chamgei huwa amesema zaidi ya salamu. Amekiri kwamba yuko kwa watu. Vivyo hivyo mgeni anayepokea kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa na kutiwa ladha ya mkaa, akanywa bila kukunja uso, huwa ameeleweka kabla hajatamka neno. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho.

Kuikataa sheria

Endapo kuzoea kungekuwa suala la hali ya hewa, chakula na salamu tu, habari ya Olenguruone ingekuwa fupi. Mgogoro ulitokea mahali pengine. Serikali ilitoa masharti ya makazi: namna ya kulima, mazao ya kupanda, idadi ya mifugo, na namna shamba litakavyorithiwa. Shamba halikuruhusiwa kugawanywa miongoni mwa wana wote. Juu ya yote hayo, mkaaji alitakiwa kukubali kwamba yuko pale kwa idhini ya serikali, idhini ambayo ingeweza kuondolewa.

Hapa ndipo istilahi za Kikuyu zinapofaa kuzingatiwa. Katika mila zao, githaka ni ardhi ya ukoo, inayorithiwa na kizazi hadi kizazi. Muhoi ni mtu aliyeomba na kupewa mahali pa kulima bila kuwa mwenye ardhi. Wakaaji waliichukulia Olenguruone kuwa githaka, fidia ya kile kilichochukuliwa Kiambu. Serikali iliwachukulia kuwa wapangaji. Hivyo, kutia sahihi masharti kulimaanisha kukiri kwamba wao na watoto wao ni wageni daima. Walikuwa tayari kuizoea baridi, lakini hawakuwa tayari kulizoea jina hilo.

Katika miaka ya 1940, wakiwa na viongozi kama Samuel Koina, walikula kiapo cha umoja. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika utafiti wake kuhusu maskwota uliochapishwa mwaka 1987, ameonyesha upya wa kiapo hicho: kiliwahusisha wanaume, wanawake na watoto, tofauti na viapo vya awali vya kisiasa vilivyowahusu watu wachache. Serikali ilijibu kwa kesi mahakamani, kukamata mifugo, kuharibu mazao na kuchoma nyumba. Kufikia mwaka 1950 wakaaji walikuwa wamefukuzwa, na wengi wakapelekwa Yatta, nchi kame iliyo kinyume kabisa na Mau. Mfano wa kiapo chao ulikuwa umeenea katika Bonde la Ufa na Kiambu, na wanahistoria huuhesabu miongoni mwa mizizi ya Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952.

Msamiati wa ugeni

Baada ya hapo Olenguruone ilikaliwa zaidi na Wakipsigis, na baada ya uhuru familia za Wakikuyu zilifika tena katika maeneo hayo. Jirani akawa jirani kwa mara nyingine. Lakini mapigano ya mwaka 1992, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliwaua na kuwafurusha watu wengi katika Molo, Kuresoi na Olenguruone.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo la kutia uchungu ni kwamba lugha yetu ilitumika katika kazi hiyo. Doa ni alama katika nguo. Madoadoa yakawa watu wa kabila jingine. Kwekwe ni mmea wa kung'olewa shambani. Ikawa jina la familia nzima. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliyaorodhesha maneno haya, pamoja na wakuja, miongoni mwa maneno ya chuki. Ni muhimu kutambua jinsi sitiari hizi zinavyofanya kazi: zinamwondoa mgeni katika ngeli ya watu. Doa halina mila ya kujifunza, na kwekwe haiwezi kupewa jembe.

Kwa upande mwingine, hata neno mwenyeji si jepesi. Waogiek, walioishi katika msitu wa Mau kabla ya makazi haya yote, walitetewa katika kesi dhidi ya serikali ya Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mahakama iliwapa ushindi tarehe 26 Mei 2017, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Ukiuliza nani mwenyeji wa Mau, jibu hutegemea unaanza kuhesabu mwaka gani.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba kuzoea maisha ya ugenini kuna pande mbili. Upande wa kwanza uko mikononi mwa mgeni: kujifunza mvua, chakula, salamu na adabu za wenyeji. Watu wa Olenguruone waliutimiza upande huo, kwanza Melili na kisha Mau. Upande wa pili uko mikononi mwa anayepokea na sheria yake: kukubali kwamba siku ya tatu imefika, jembe limeshikwa, na mtu huyu sasa ni wa hapa. Upande huo ukikosekana, bidii yote ya mgeni haimfikishi popote.

Methali zetu zimemwagiza mgeni mengi na mwenyeji machache. Pengo hilo linawahusu wasomi wa Kiswahili moja kwa moja, maana lugha iliyotoa neno madoadoa ndiyo hiyo hiyo yenye maneno jirani, mkazi na mwenzetu. Yapi kati yake yafundishwe, yaandikiwe na kuzoeshwa masikioni ni kazi ya watu wa lugha kabla haijawa kazi ya tume wala mahakama.