Bagamoyo: Mnara wa Mgeni wa Usiku Mmoja

Mgeni anayefika misheni ya Bagamoyo huonyeshwa mnara wa kanisa la kale. Watu huuita mnara wa Livingstone, kwa kuwa mwili wa mmisionari na mpelelezi huyo, David Livingstone, uliobebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka kijiji cha Chitambo, ulilazwa humo Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Msafara ule unastahili kukumbukwa. Lakini aliyelala usiku mmoja amepewa jengo zima, na waliosali humo miaka nenda rudi hawatajwi. Kuporomoka huko kwa kumbukumbu kunatisha kuliko nyufa za kuta.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hii mwaka 1868. Waliwakomboa watumwa kwa fedha, wakawapa shule, mashamba na kijiji. Hao ndio waumini wake wa kwanza.

Kupungua kwao kulianzia kwenye mafanikio. Misheni za bara zilipofunguliwa, kuanzia Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera na Morogoro, mapadre waliondoka na wanandoa vijana wa kijiji hicho. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ikaimaliza misafara ya wapagazi. Mji ukakosa kazi, watu wakahama. Kanisa jipya, lililojengwa kati ya 1910 na 1914, likachukua ibada. La kale likabakiwa na historia tu.

Makaburini pengo linaonekana wazi. Wamisionari wengi walifariki vijana, malaria ikiwamaliza. Wana misalaba yenye majina, na shirika lao lingali hai kuwatunza. Kaburi la aliyekombolewa lilitegemea wajukuu, nao wametawanyika.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, iliyoishia Bagamoyo, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Hatua hiyo inaweza kuleta fedha za chokaa na mafundi. Haiwezi kurudisha ukoo kwenye makaburi yake. Kazi hiyo yaanza kwenye vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, ambavyo kwa desturi kila parokia huvitunza. Majina yaliyomo yasomwe, yaandikwe ukutani, na wazao watafutwe Morogoro na kwingineko. Jengo hudumu likiwa na watu wanaosema: hapa kazikwa babu yetu.