Skuta za Zanzibar na Mbogi ya Tuala: Jifunzie Nyumbani, Usijifunzie Paje

Kila grupu ya WhatsApp huku Tuala iko na hiyo form ya Zanzibar. Imepangwa, ikaahirishwa, mse mmoja akatuma doo akarudishiwa, na mwaka huu mmeapa lazima iivane. Plani ni ile mliona kwa TikTok: wasee wanne, skuta nne, minazi pande zote, bahari ya buluu, miwani, shati vifungo wazi. Poa. Hiyo picha si uongo. Unguja ni kisiwa cha urefu wa kilomita 85 hivi, lami inafika karibu kila pahali unataka kwenda, na skuta ndiyo njia fiti ya kukizunguka bila kungoja daladala ama kulipa teksi kila saa.

Sasa niulize kitu yenye hakuna mtu huuliza kwa hiyo grupu. Kati ya nyinyi wanne, ni wangapi wamewahi kushika usukani wa nduthi? Sisemi kukaa nyuma. Kushika.

Sisi wa huku tumebebwa na nduthi tangu tukiwa watoto. Stage mpaka kwa geti, vumbi, matope, mtungi wa gesi katikati, na bado unajibu meseji. Ukibebwa miaka kumi unaanza kuamini unajua kuendesha. Hujui buda. Unajua kukaa. Na skuta ndiyo inadanganya watu zaidi, juu inakaa toy. Haina gia ya kubadilisha, haina klachi, unawasha, unavuta mafuta, inaenda. Mtu anajifunza kwa dakika tano mbele ya ofisi ya kukodisha, anazunguka mara mbili, anasema "niko sawa," na dakika kumi baadaye ako katikati ya daladala na baiskeli pale Darajani.

Wacha nikuelezee vile watu huanguka, ndiyo uone si mambo ya bahati mbaya. Kwa skuta, mafuta yako kwa mkono wa kulia, na breki ya mbele iko mkono huo huo. Mtu ambaye hajazoea akishtuka, labda mbuzi ameruka barabarani, vidole vyake hukaza. Akikaza huku mwili unaegemea nyuma, mkono unavuta mafuta. Yaani wakati anataka kusimama ndipo skuta inaruka mbele. Dawa yake ni moja tu: mazoezi, mpaka mkono uzoee kuachilia mafuta kwanza kabla kichwa hakijafikiria.

Na wewe ambaye unajua nduthi kabisa, usicheke bado. Kwa boda mkono wa kushoto ni klachi, na breki ya nyuma iko mguuni. Kwa skuta mkono wa kushoto ndiyo breki ya nyuma. Umezoea kukamata hiyo klachi yote ukipunguza mwendo? Fanya hivyo kwa skuta ukiwa kwa kona na tairi ya nyuma itakuwacha. Nimeona mse wa nduthi wa miaka mingi akiteleza hivyo siku ya kwanza, na akaona haya kuliko alivyoumia.

Kitu ya tatu ni mchanga. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, barabara kuu ni lami lakini njia za kuingia kwa hoteli na ufuoni ni mchanga mweupe na mawe ya matumbawe. Ukifinya breki ya mbele juu ya mchanga usukani umekunjwa, uko chini. Hapo unaenda pole, usukani umenyooka, breki ya nyuma taratibu.

Hizi zote unaweza kujifunzia hapa. Huku bado kuna viwanja tupu, na Jumapili asubuhi kabla watu waende kanisa barabara huwa imetulia. Kuna beshte mwenye skuta ya kubeba order za chakula. Mnunulie mafuta, akufunze wikendi mbili. Simama ghafla mara hamsini. Piga kona ndogo bila kuweka mguu chini. Pita kwa changarawe. Kisha beba mtu nyuma, uone vile kitu yote inabadilika: skuta inakuwa nzito, inachelewa kusimama, na abiria akiegemea upande mbaya anakupeleka na yeye. Ng'ombe wa kuvuka barabara uko nao tayari, hiyo somo Kajiado inatoa bure.

Halafu leseni. Wengi wenu mko na ya gari, class B. Hiyo si ya pikipiki. Class A2 ndiyo ya pikipiki za kawaida, na inapitia shule ya udereva kama zingine. Najua unafikiria, "kwani ni nani atauliza?" Wa kwanza ni karao, na Unguja wamejaa barabarani, hasa zile za kutoka Mjini kwenda pwani. Wa pili ni bima, na huyo ndiye mbaya. Bima nyingi za safari hazilipi kama ulianguka ukiendesha chombo huna leseni yake. Mguu ukivunjika Jambiani, bili ni yako, na ndiyo hapo grupu ya WhatsApp inageuka kuwa grupu ya mchango.

Kando na hiyo, mgeni anaweza kuhitaji kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar. Wanaokodisha ndio hukutengenezea, na kwa kawaida ni kama dola 10. Hakikisha kina jina lako, na tarehe zinafika mpaka siku ya kurudisha. Kila mwenye ataendesha awe na chake. "Tutabadilishana" haifanyi kazi kwa roadblock. Ukisimamishwa, zima injini, toa helmeti, salimia vizuri, onyesha karatasi. Mambo ya kubishana wachia mathree za Rongai.

Mipaka: Mkenya haitaji viza ya Tanzania, lakini ID peke yake haitoshi, beba pasipoti. Cheti cha homa ya manjano pia, na hiyo sindano inahitaji siku 10 kabla ihesabike, kwa hivyo usiidungwe usiku wa kuamkia safari. Zanzibar pia ilianzisha bima yake ya wageni Oktoba 2024, kwa hivyo angalia mtandao wao kabla ya kufunga begi. Uzuri wa kuwa upande wetu ni kwamba basi za kwenda Arusha na Dar zinashuka na barabara ya Namanga, inayopita hapo hapo Kitengela. Kutoka Arusha mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 600, kisha boti masaa mawili hivi. Ni safari ya kuchosha manze. Kama umefika na boti ya jioni, usikodi skuta siku hiyo. Lala.

Asubuhi ndiyo mnaenda kuchukua. Kule skuta yoyote watu huiita vespa, kwa hivyo ukiulizwa unataka vespa ngapi usishangae. Kabla ulipe, piga video ya kila mkwaruzo, tairi, taa, indiketa, honi, na useme tarehe ukirekodi. Jaribu breki zote mbili. Jaribu helmeti: ikizunguka kichwani kama sufuria, omba ingine. Pasipoti usiwache, toa kopi. Na ushukie upande wa kushoto kila wakati, juu ekzosi iko kulia na inachoma ndama ya mguu kabla useme "aki". Alama yake hukaa miezi.

Barabara ya kwanza nzuri ni ya kutoka Mjini, unapita Tunguu, unaingia msitu wa Jozani, unatokea Paje. Ni kilomita 50 hivi. Jozani kuna kima punju, nyani wa mgongo mwekundu anayepatikana Zanzibar pekee, na hao huvuka barabara bila kuangalia. Magari yaliwagonga sana mpaka matuta yakawekwa. Matuta ya Jozani si ya kuruka kama unaigiza sinema, punguza mwendo na utawaona bila hata kushuka.

Mkiwa wanne mpangike hivi: anayejua zaidi mbele, anayeogopa zaidi nyuma yake, wa pili kwa ujuzi anafunga mkia. Wa mbele anaenda mwendo wa yule muoga, si wake. Hakuna kupitana. Kila makutano mnangojana mpaka mkia ufike. Hii ndiyo itazima bifu nyingi, juu shida ya squad si barabara, ni ule mse mmoja anataka kuonyesha.

Sasa kuna mtego wa Michamvi. Hiyo ni rasi ya kaskazini mwa Paje, na upande wake wa Kae unaangalia magharibi, kwa hivyo ni mahali pazuri sana pa kuona jua likizama kwa maji ingawa uko pwani ya mashariki. Kila mtu anaenda. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza la pwani halibishi hodi. Ukiwa umepanga kurudi Mjini usiku huo, unaendesha masaa karibu mawili kwa barabara zenye sehemu nyingi hazina taa, na baiskeli bila taa, na gari la ng'ombe bila taa, na wadudu machoni, na labda bia moja tumboni. Lala Paje ama Bwejuu. Chukua chumba hapo, uone jua, urudi pole na mapema. Na kama kuna bia, skuta ilale pia.

Ufuoni usiendeshe, hata kama maji yametoka mbali na mchanga umekauka kama uwanja. Maji ya chumvi yanakula chuma, na kule chini ndiko kina mama wamefunga kamba za mwani wao. Hilo ni shamba la mtu. Kwa vijiji vaa shati, na Sheng bonga na mbogi yako. Kwa mzee wa kijiji anza na "shikamoo" na utaelekezwa njia vizuri kuliko Google.

Siku ya kurudisha, jaza mafuta kiwango ulichopewa, piga video ingine hapo hapo, na ufunguo uutoe mkono huu ukipokea deposit na mkono ule.