Kupimwa Sukari si Kazi ya Wagonjwa Peke Yao

Mara nyingi tumesikia watu wakijibu, wanapoulizwa kama wamepata kupimwa sukari katika damu: "Nipimwe kwa nini, nami sijambo?" Jibu hili laonekana kuwa la busara, maana kwa desturi yetu aendaye hospitali ni yule anayeumwa. Lakini kwa maradhi ya kisukari jibu hilo halifai hata kidogo, na sababu zake twapenda kuwaeleza wasomaji wetu leo, hasa kwa ajili ya akina mama waja wazito na wale wanaoishi nao nyumbani.

Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilicho kingi, huanza polepole. Mtu aweza kukaa nacho miaka mingi asisikie lolote. Kiu isiyokatika, kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, kukonda bila sababu, vidonda vinavyokataa kupona, macho kufifia: hizi ndizo dalili, lakini huja baadaye, na wengine huziona wakati figo au mishipa midogo ya macho imekwisha kudhurika. Shirikisho la Kisukari la Kimataifa lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika kanda ya Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari walikuwa hawajui kwamba wanacho. Nusu nzima ya wagonjwa hawana habari ya ugonjwa wao!

Wako wanaosema kwamba haya ni maradhi ya matajiri na ya watu wa Ulaya. Neno hilo lilikuwa na kiasi chake cha ukweli zamani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania kwa watu zaidi ya 6,000, ulikuta wenye kisukari ni chini ya mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi mwingine, wa nchi nzima, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, nao ulikuta watu 9 katika kila mia. Kweli, hesabu hizi mbili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwa kuwa umri wa waliopimwa haukuwa mmoja, na huu wa pili ulichukua watu wa mijini pia. Hata hivyo hatudhani kwamba yuko mtu awezaye kuzitazama akasema mambo yamebaki kama yalivyokuwa.

Basi kisukari hupimwaje? Jina lenyewe la ugonjwa latueleza namna ya kale. Waganga wa Bara Hindi walijua tangu zamani sana kwamba mkojo wa wagonjwa hawa huwavuta chungu, nao wakauita ugonjwa wa mkojo wa asali. Mwaka 1776 tabibu Mwingereza, Matthew Dobson, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa wake mpaka maji yakakauka, akabakiwa na unga mweupe ulio mtamu kama sukari. Tangu hapo mkojo ulitegemewa kwa muda mrefu, na hata leo kijiti kinachochovywa katika mkojo kingali chatumika katika zahanati nyingi kwa kuwa ni rahisi na bei yake ni ndogo.

Lakini kijiti hicho hudanganya, tena hudanganya pande zote mbili. Figo za mtu mzima huizuia sukari isitoke katika mkojo mpaka kipimo cha damu kifike kama milimoli 10 kwa lita. Na mtu huhesabiwa kuwa na kisukari akipimwa asubuhi bila kula akakutwa na 7 au zaidi. Maana yake ni kwamba mwenye 8 aweza kupimwa mkojo, akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani akishukuru. Kwa mja mzito mambo hugeuka: figo zake huachia sukari kwa wepesi zaidi, hata mwanamke asiye na kisukari aweza kuonekana anayo katika mkojo, akatiwa hofu bure. Kwa hiyo kipimo cha kutegemewa ni cha damu.

Nacho ni cha namna kadhaa. Cha kwanza ni kile cha kufunga, yaani mtu asile wala asinywe kitu isipokuwa maji kwa muda usiopungua saa nane. Hapa yafaa tuseme neno moja. Chai yenye sukari ni kula. Na chai ya maziwa isiyo na sukari, nayo ni kula. Tena katika mwezi wa Ramadhani wako wanaofika kliniki saa tatu asubuhi wakisema wamefunga, na ni kweli wamefunga, lakini daku walikula saa kumi usiku. Hizo ni saa tano tu. Wamwambie mpimaji saa waliyokula, la sivyo atasoma hesabu isiyo yake.

Cha pili ni cha kunywa sukari ya glukosi gramu 75 iliyokorogwa katika maji, kisha kupimwa tena baada ya saa mbili, ikifika 11.1 au zaidi, ni kisukari. Cha tatu ni kile kinachotazama sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambacho hakihitaji mtu kufunga, kwa kuwa chembe hizo huishi kama siku 120 na hutunza habari za miezi miwili mitatu iliyopita. Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 2011 kuwa kipimo cha kugundulia, na mpaka wake ni asilimia 6.5. Ni kizuri, ila kwetu sisi kina tahadhari yake: mwenye selimundu, au mwenye upungufu mkubwa wa damu, au aliyetoka kuugua malaria kali, chembe zake hazina umri wa kawaida, na kipimo hiki huweza kumpotosha. Mtu asiye na dalili yo yote, hata akikutwa amevuka mpaka mara moja, hupimwa mara ya pili kabla ya kuitwa mgonjwa.

Wako pia waliotumiwa mashine ndogo za mkononi na jamaa zao walioko ng'ambo. Mashine hizo ni msaada mkubwa kwa mgonjwa anayejiangalia mwenyewe. Lakini nyingine huhesabu kwa miligramu, si kwa milimoli, na mtu aliyezoea kusikia "sita" akiona 108 hushtuka. Agawe kwa 18, ataikuta sita yake.

Tuje sasa kwa waja wazito, ambako ndiko twaona uzembe ni mkubwa zaidi. Mimba inapokua, kondo la nyuma hutoa vichocheo vinavyoizuia insulini ya mama isifanye kazi yake barabara. Kongosho la wanawake wengi huongeza juhudi, na mambo hukaa sawa. La wengine hushindwa, na sukari hupanda, japokuwa kabla ya mimba hawakuwa na tatizo lo lote. Sukari hiyo humvukia mtoto tumboni, lakini insulini ya mama haimvukii. Kwa hiyo mtoto hutengeneza yake kwa wingi, akanenepa. Azaliwapo, sukari ya mama imekatika ghafula na insulini yake ingali nyingi, basi hushukiwa na sukari katika saa za kwanza za maisha yake.

Katika nyumba nyingi mtoto wa kilo nne na nusu hupokewa kwa vigelegele. Majirani huja kumtazama, na bibi yake husema kwamba mkamwana ametunzwa vyema. Hatupendi kuharibu furaha ya mtu, na wapo watoto wakubwa walio wazima kabisa. Lakini mtoto aliyezidi kilo nne ni habari ambayo daktari lazima aambiwe katika mimba itakayofuata, kama vile aambiwavyo habari za mtoto aliyezaliwa mfu. Mama mwenye historia kama hiyo, au mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na kisukari, au mwenye mwili mnene, apimwe damu siku ile ile ya kwanza anapokwenda kliniki, na aende mapema, maana viungo vya mtoto huumbika katika majuma ya kwanza. Wengine wote wapimwe kati ya juma la 24 na la 28, kwa glukosi gramu 75. Mipaka iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 kwa waja wazito ni ya chini kuliko ya watu wengine: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili. Kuvuka mmoja tu kati ya hiyo kwatosha. Mipaka hii ilitokana na uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2008, wa wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ulioonyesha kwamba madhara kwa mtoto huongezeka hatua kwa hatua kadiri sukari ya mama inavyopanda, hata kabla haijafika kiwango cha kisukari kilichozoeleka.

Twajua kwamba kukaa saa mbili katika benchi la kliniki na njaa tumboni si jambo dogo kwa mwanamke aliyeacha watoto nyumbani na shamba likimngoja. Twajua pia kwamba pengine hufika akaambiwa glukosi imekwisha, au vijiti vya mashine havipo. Hili la pili si kosa la mama, na wenye dhamana ya kuagiza vifaa hawana udhuru wa kuleta kijiti cha mkojo tu mwaka baada ya mwaka. Na mume, yeye aweza angalau kubaki na watoto asubuhi hiyo moja.

Baada ya kujifungua sukari aghalabu hushuka yenyewe, na mama huambiwa amepona. Hapo ndipo wengi hupotea. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kile cha kudumu mara saba au zaidi kuliko mwenziwe ambaye hakukipata. Kwa hiyo yampasa apimwe tena kwa glukosi kati ya juma la 6 na la 12, na kisha asiache kupimwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Ni wachache wanaorudi, na hatushangai, kwa sababu hakuna anayewaita. Lakini katika juma la 6 mtoto hupelekwa kliniki kuchanjwa, na anayempeleka ni huyo huyo mama. Twashauri apimwe siku hiyo hiyo, na tarehe iandikwe katika kadi yake tangu anaporuhusiwa kutoka wodini, pamoja na maneno haya: aje kabla ya kunywa chai.