Jiko Jipya Katika Nyumba ya Mawe: Mwezi wa Kwanza wa Majaribio



Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana katika nyumba za Mji wa Kale kila bei ya gesi ipandapo ni suala la jiko. Mtungi humalizika katikati ya mwezi, mshahara ungali mbali, na familia hurejea kwenye makaa ambayo kwa hakika haikuyaacha kamwe. Mwaka 2021 Serikali iliporudisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya gesi ya kupikia, wengi wetu tulizitoa seredani zilizokuwa zimewekwa darini. Kodi hiyo ilipunguzwa baadaye, lakini seredani hazikurudi darini. Mwaka huu sisi tuliamua kununua jiko jipya la makaa, lile la bati lenye ukuta mnene wa kuhifadhi moto na mlango mdogo wa hewa chini yake. Majirani wa Kibokoni na Kuze wametuuliza mara kwa mara: je, lafaa? Makala haya ni jibu letu baada ya mwezi mmoja. Hatuuzi majiko wala hatuna ubia na muuzaji yeyote, twaeleza tuliyoyaona.

Kwanza yafaa msomaji aijue nyumba, kwa kuwa jiko haliwezi kupimwa mbali na chumba linamowashwa. Nyumba yetu ni ya mawe, ya orofa mbili, na kama nyingi za mtaa huu imegawanywa baina ya warithi. Zamani mapishi yote yalifanyika uani, moshi ukapanda mbinguni bila kumdhuru mtu. Leo uani pana ngazi na tangi la maji, na jiko letu liko katika pembe ya ushoroba, penye dirisha moja linaloelekea uchochoro. Kuta nene za mawe na chokaa, ambazo hutukinga na jua la kaskazi, ndizo hizo hizo zinazouzuia moshi usitoke. Nyanya yetu ana pumu, na chumba chake kimepakana na ushoroba huo. Kwa hiyo haja yetu haikuwa kuokoa fedha tu. Tulitaka pia Nyanya aweze kulala mchana bila kukohoa.

Si mara ya kwanza kwa jiko la makaa kubadilika nchini mwetu. Jiko la bati tupu lilikuwa likipoteza moto mwingi kupitia ubavuni, hata mpishi akaunguza magoti kabla chungu hakijachemka. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu nishati mpya na jadidifu, na katika miaka iliyofuata mafundi wa jua kali na wataalamu wa Kenya walilikuza jiko lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo wa kuchoma kwa ndani, wakichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Hilo ndilo tunalolijua wengi, na limeenea kutoka Kenya hadi nchi nyingi za Afrika. Ufundi wake ni mwepisi kuuelewa: udongo huzuia joto lisitoke ubavuni, nalo joto hulazimika kupanda juu kwenye sufuria. Majiko mapya ya leo yameendeleza wazo hilo kwa ukuta mnene zaidi, chumba kidogo cha makaa, na mlango wa kupunguzia hewa.

Sasa tuingie katika majaribio. Siku ya kwanza tuliwasha kwa vifuu vya nazi kama ada, tukaweka makaa kidogo juu yake, tukaanza kupepea. Ilitubidi kupepea kwa muda mfupi kuliko tulivyozoea, kwa kuwa ukiufungua mlango wa chini hewa hujivuta yenyewe. Moto ulipokolea, tuliufunga mlango nusu, na mbaazi za nazi zikatokota polepole bila kushika chini ya sufuria. Ubavu wa jiko uliweza kuguswa bila kuungua, jambo lenye maana kubwa katika ushoroba ambamo watoto hupita mbio wakitoka madrasa.

Kuhusu matumizi, tulijiwekea kipimo chepesi. Kwa seredani yetu ya zamani, debe moja la makaa lilitutosha siku nne. Kwa jiko jipya, debe kama hilo lilitufikisha siku ya sita. Huu ni mwezi wa nyumba moja tu, wala hatudai kuwa kila nyumba itapata hesabu hiyo. Hata hivyo theluthi ya makaa iliyobaki guniani ni kitu kinachoonekana, hasa kwa sisi tunaokumbuka jinsi makaa yalivyopanda bei mwaka 2018, Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma.

Pamoja na sifa hizo, tulikuta kasoro moja ambayo mwanamke yeyote wa Pwani ataiona kabla ya wiki kwisha. Mapishi yetu hayategemei moto wa chini peke yake. Wali wa nazi hukaushwa kwa kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Biriani hutiwa dam kwa moto wa juu na chini. Mkate wa sinia na mkate wa mayai haviivi bila makaa ya juu. Seredani, kwa ule upotevu wake, ilikuwa na makaa ya kutosha kwa kazi zote mbili. Jiko jipya lina chumba kidogo, na ukichota makaa mawili matatu kuyaweka juu, chini hupoa. Ijumaa ya kwanza wali wetu ulikuwa na maji chini na juu haukukauka. Nyanya aliuonja, akaweka kijiko chini taratibu na kusema, "Jiko hili, wanangu, limefundishwa kuchemsha. Kupika bado."

Tuliitafutia kasoro hiyo dawa. Kwa wali wa kila siku, maji yakikauka tunaufunga mlango wa hewa kabisa, tunafunika sufuria kwa mfuniko mzito wenye kitambaa kibichi pembezoni, na kuuacha wali ujipikie kwa joto lililohifadhiwa ukutani mwa jiko. Hutoka mkavu, ingawa bila ukoko ule tunaougombania. Kwa biriani na mikate tunawasha seredani ndogo kando, siku ya Ijumaa au ya wageni, dirisha likiwa wazi. Hata udi wa magharibi una haja yake: chetezo hutaka kaa moja jekundu, na jiko jipya hulitoa kwa ubahili. Mambo haya huenda yakaonekana madogo kwa aliyelibuni jiko, lakini ndiyo yanayoamua iwapo jiko litabaki jikoni au litaishia darini.

Tukija kwenye moshi, ambao ndio uliotutuma dukani, mabadiliko ni ya wazi. Wakati wa kuwasha moshi ungalipo, kwa kuwa vifuu ni vifuu. Baada ya hapo ushoroba hubaki mweupe. Masizi kwenye dari yamepungua, na kikohozi cha mchana cha Nyanya kimepungua kwa siku nyingi, ijapokuwa hakikuisha. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, makaa na mfano wake, ilihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaoumia zaidi ni wale wanaokaa karibu na moto: akina mama na watoto wadogo walio migongoni na mapajani mwao.

Inafaa kueleza moshi ni kitu gani. Moshi ni sehemu ya kuni iliyotoka kabla ya kuungua. Ni moto uliopotea. Jamaa zetu waliohamia nchi za baridi wanaishi baina ya watu wanaoota moto wa kuni nyumbani miezi mingi ya mwaka, na huko moshi ulikuwa balaa la miji mizima. Marekani iliweka kanuni za kwanza za taifa zima juu ya moshi wa majiko ya kuni mwaka 1988. Baadhi ya majiko yao yana kipande kilichotobolewa matundu mfano wa sega la nyuki, kilichopakwa madini ya paladi au platini, ambacho huitwa katalisti. Moshi kwa kawaida hutaka joto la yapata nyuzi 600 za Selsiasi ili uungue wenyewe. Ukipita katika sega hilo huweza kuungua kwa nyuzi takriban 260. Hivyo kile kilichokuwa kikitoka dohani kama uchafu hugeuka joto la nyumba. Jiko letu halina kipande hicho wala dohani. Linategemea njia ya pili: kuuhifadhi moto uwe mkali na kuipima hewa inayoingia.

Hapo ndipo tulipojiuliza swali gumu zaidi. Ikiwa makaa hayatoi moshi mwingi, moshi wake ulikwenda wapi? Jibu ni kwamba ulitolewa mbali na sisi. Kuni huchomwa kwanza katika tanuri la udongo huko mashambani, na kwa tanuri za kienyeji kilo moja ya makaa huweza kugharimu kilo 5 hadi 10 za kuni. Moshi huo uliwaingia mapafuni wachomaji na wake zao, na miti ilitoka katika ardhi yao. Hata mikoko ya hori ya Tudor, iliyo karibu na macho yetu, imekatwa kwa ajili ya kuni na boriti. Kwa hiyo debe linalodumu siku mbili zaidi si akiba ya mfuko wetu pekee. Dini yetu imetukataza israfu hata katika kitu kilicho tele, sembuse mti ambao haukui kwa msimu mmoja.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuone kuwa makala haya hayafai kucheleweshwa. Katika mwezi huu huu mjukuu wa Nyanya alijifungua, alhamdulillahi, akaja kukaa arobaini kwetu. Kusi ilikuwa imeingia, mvua ikinyesha usiku, na kama ilivyo desturi mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufukizwa, na kukingwa na baridi. Shangazi mmoja, kwa mapenzi yake, alipendekeza jiko jipya liwekwe chumbani usiku kucha, mlango ufungwe. Hoja yake ilionekana ya haki: "Hili halina moshi. Litawadhuru nini?"

Nyanya hakusoma kemia, lakini alikumbuka majirani wa zamani waliolala na seredani na asubuhi hawakuamka. Alisema, "Moshi ni mgeni abishaye hodi. Mchelee yule asiyebisha." Na elimu yamuunga mkono. Makaa yanayoungua, hasa yanapokosa hewa ya kutosha, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hujishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi ilhali kifua chapanda na kushuka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito, mambo ambayo mzazi mchovu ataweza kuyadhania kuwa ni uchovu tu. Kitoto kichanga hakiwezi kusema lolote. Na kuufunga mlango wa hewa ili makaa yadumu, ile ile hila inayotuokolea debe, huweza kuizidisha sumu hii.

Tulikubaliana hivi, na shangazi naye akaridhia: maji yachemshwe ushorobani, dirisha likiwa wazi, kisha yaletwe chumbani; ufukizo ufanywe mchana, mlango wazi, kwa muda mfupi, na chetezo kitolewe nje mara umalizikapo; usiku mzazi na mwanawe wajifunike mablanketi. Hadi sasa mzazi yu salama, na mtoto amenenepa.

Basi hukumu yetu ni ipi? Kwa nyumba yenye uwezo wa gesi mwezi mzima, gesi ndiyo iliyo bora kwa kifua, na jiko hili halishindani nayo. Kwa nyumba inayotumia makaa kila siku, tungeshauri linunuliwe, kwa masharti matatu. Liwekwe karibu na dirisha lisilofungwa. Liwashwe nje au barazani ikiwezekana, kisha liingizwe moto ukishakolea. Na lisilale chumbani na mtu, liwe jipya au la zamani, liwe na moshi au lisiwe nao.

Ramadhani ikikaribia, mapishi yataongezeka na milango itafungwa mapema. Tuwakumbushe wazee, wajakazi na mabinti wanaopika daku wakiwa na usingizi machoni: fungueni dirisha kwanza, ndipo muwashe moto.

Wabillahi tawfiq.