Kizunguzungu kinachoanzia shingoni

Kifaa chenyewe hakitishi: tochi ndogo ya leza iliyofungwa kwenye mkanda wa kichwani. Mgonjwa anaketi sentimita 90 kutoka ukutani, kitone chekundu kinatulizwa katikati ya duara zilizochorwa kwenye karatasi, kisha anafungwa kitambaa machoni.

"Geuka kulia, mama. Haya, rudi palepale ulipoanzia."

Mama akarudi, akatulia, akasema amefika. Kitambaa kilipofunguliwa, kitone kilikuwa nje kabisa ya duara la ndani. Alikitazama kwa hasira, kana kwamba kimesogezwa na mtu. Angeapa kwamba alikuwa ametazama mbele.

Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1991 na Mfaransa Michel Revel na wenzake. Ukikosea zaidi ya nyuzi 4.5, yaani kama sentimita 7 kwa umbali ule, shingo inatiliwa shaka.

Aliyenionyesha ni mtaalamu wa fiziotherapia jijini Dar es Salaam, mtu asiye na maneno mengi mpaka mfike kwenye habari za shingo. Ubongo, anasema, una mashahidi watatu wa kuuambia kichwa kimeelekea wapi: macho, sikio la ndani na shingo. Vile vimisuli vifupi vya chini ya kisogo vimejaa neva za kuhisi mkao. Vikikakamaa baada ya ajali ya gari, ushahidi wake unapotoka. Macho yanasema hivi, shingo inasema vile, na mtu anajiona anayumba.

Tiba yake ni mikono na mazoezi. Kwanza anavilegeza viungo vilivyokaza, kisha kitone kilekile kinageuka kuwa zoezi: geuza kichwa, kirudishe, fumbua macho uone umekosea kiasi gani. Akishazoea, mgonjwa anakazia macho kidole kimoja huku kichwa kikienda polepole kulia na kushoto. Kuvaa kola ya shingo kwa muda mrefu hakupendi hata kidogo. Shingo isiyotumika, anasema, inazidi kusahau.

Bado kuna jambo linanisumbua. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha kwamba kizunguzungu ni cha shingo. Hata hiki cha leza, wapo wenye maumivu ya shingo wanaokishindwa na hawajawahi kusikia kizunguzungu. Kwa hiyo kwanza huondolewa mengine: presha, upungufu wa damu, na hasa vijiwe vya sikio la ndani, ambavyo humzungusha mtu kwa sekunde chache anapojigeuza kitandani na vina tiba yake tofauti kabisa. Je, wanawake waliobeba ndoo kichwani tangu utotoni? Anawapokea, akasema, ila hawezi kuapa kwamba chanzo ni ndoo.

Kuhusu saluni hakusita. Usimruhusu kinyozi akuzungushe shingo hadi ialike. Mshipa wa damu unaopita hapo kwenda ubongoni unaweza kuchanika. Na kizunguzungu kikija pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito au uso kulegea upande mmoja, achana na mazoezi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.