Kalamu ya babu yenye jina: kabla hujaisugua, soma hapa

Kabla biki hazijaenea, makarani na walimu wa mashamba ya mkonge, Korogwe, Hale hadi Muheza, waliandika kwa kalamu za wino: zile zenye nibu, unazozijaza wino mwenyewe. Iliyo nzuri, yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu na jina la mwenyewe limechongwa, ilikuwa zawadi ya heshima, ya kuhitimu au ya kuagwa kazini. Kwa wakusanyaji wa leo ni mali. Wanatafuta Parker 51, iliyoingia sokoni mwaka 1941, au Montblanc Meisterstück, jina lililoanza kutumika mwaka 1924.

Sasa tuseme umeikuta moja kwenye sanduku la babu, imefifia. Wazo la kwanza ni nini? Kuisugua ing'ae. Majivu, dawa ya meno, au dawa ya kung'arishia shaba. Hapo ndipo kalamu nyingi zinapofia.

Dhahabu iko wapi, na ni kiasi gani?

Tuanze na hesabu. Alama ya 14K kwenye nibu ina maana sehemu 14 kati ya 24 ni dhahabu, kama asilimia 58. Ndiyo maana nibu nyingine zimepigwa muhuri wa 585. Ya 18K huandikwa 750. Lakini alama hiyo inaihusu nibu tu, si kalamu nzima!

Kwa nini nibu iwe ya dhahabu? Si mbwembwe tu. Wino wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi za chuma na tanini ulikuwa na asidi, nao ulikula nibu za chuma. Dhahabu haukuiweza. Ila dhahabu ni laini, ingelika kwa kusuguana na karatasi, hivyo kwenye ncha kabisa huunganishwa kipunje cha metali ngumu za jamii ya osmiamu na iridiamu.

Kifuniko kina habari nyingine. Ukiona 1/10 12K, maana yake sehemu moja ya kumi ya uzito wa metali ile ni dhahabu ya 12K, ambayo yenyewe ni nusu tu dhahabu. Piga hesabu: dhahabu safi ni asilimia 5. Nayo yote iko juu, kama ngozi. Ndani ni metali ya kawaida, mara nyingi shaba nyeupe au ya manjano. Kifuniko kilichopakwa dhahabu kwa umeme kina ngozi nyembamba zaidi, inayopimwa kwa mikroni. Unywele wako mmoja una unene wa mikroni kama 70, kwa hiyo ngozi hiyo ni nyembamba kuliko unywele.

Jina lilichongwaje?

Chukua lenzi na tochi ya simu, mulika kwa ubavu. Sonara aliyechonga kwa mkono alitumia patasi ndogo kuondoa metali, akaacha mfereji wenye umbo la V unaong'aa ndani. Herufi zake hazilingani kabisa: mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unakonda tena. Mashine yenye ncha ya almasi hukwaruza mistari ya upana uleule. Leza huunguza, na ukikuza utaona uso mkavu usiong'aa, wakati mwingine vidotidoti. Kwa hiyo kalamu inayosemwa ni ya miaka ya 1950 yenye jina la leza inakuambia kitu: jina limewekwa baadaye sana.

Mkonge na mkwaruzo

Watu wa Hale wanaujua mkonge kama kamba na magunia. Viwandani una kazi nyingine: nyuzi zake hufumwa kitambaa kigumu, kikatengenezwa magurudumu ya kung'arishia metali. Gurudumu hupakwa nta yenye chembe ngumu, likazungushwa kwa kasi, na mikwaruzo ikapotea.

Inapotea kwenda wapi? Haijazwi. Mkwaruzo ni bonde, na ili bonde lipotee lazima vilima vya pembeni vishushwe hadi chini. Yaani kung'arisha ni kuondoa metali. Na kwa gurudumu, jina la babu na mkwaruzo wa funguo ni kitu kimoja: yote ni mabonde. Kitambaa chenye majivu mkononi mwako kinafanya kazi ileile, polepole tu. Kingo za herufi zinaanza kulegea, ngozi ya dhahabu inaisha kwenye pembe, shaba inachungulia. Kumbe uliyekuwa unasafisha, umefuta.

Ufanye nini basi

Loweka nibu kwenye maji ya kawaida, yasiwe ya moto, ubadilishe mpaka yabaki meupe. Maji ya moto hubadilisha rangi ya eboniti, ile raba ngumu nyeusi ya kalamu za zamani, na spiriti huharibu seluloidi. Nje, futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Kama ni fedha, weusi ulio ndani ya herufi uache. Ni fedha iliyoungana na salfa, na ndio unaofanya jina lisomeke. Usiifunge kwa rababendi, maana nayo ina salfa.

Je, jina linashusha bei? Mara nyingi ndiyo, isipokuwa mwenye jina awe mtu maarufu. Ndiyo maana kuna wanaolifuta kabla ya kuuza. Lakini fikiria: dhahabu ya kifuniko ni asilimia 5, na kalamu za toleo lile zilitengenezwa kwa maelfu. Yenye jina lile ni moja. Ipige picha kwa mwanga wa ubavuni, muulize bibi nani aliitoa na lini, andika. Kuuza utaamua baadaye. Metali ikishaondoka hairudi.